Waliandika Kuwa ni Radi

Wenzangu mnaobaki kazini mliniomba, siku ya kuniaga, niwaandikie mambo ya kazi ili mjifunze. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeshashiba pilau na sikutaka kubishana na watu. Sasa nimekaa nyumbani kwangu Chanji, hapa Sumbawanga, na ninawaonya mapema: vyeo nilivyopanda na mshahara niliopata sitaviandika. Anayevitaka akaulize ofisini. Nitaandika kazi yenyewe, na nitaiandika nikiwa na hasira, kwa sababu miaka yote hii nimeisubiri ipoe na haijapoa.

Nilizaliwa Kaengesa, nikasoma misheni, nikaingia jeshini nikiwa kijana wa miaka ishirini. Nikapangiwa kikosi cha ndege. Watu wakisikia hivyo huuliza upesi, "Kumbe ulikuwa rubani?" Hapana. Nilikuwa fundi wa ndani ya ndege. Ndege yetu ya mizigo ilikuwa na viti vitatu mbele: viwili vya marubani, na cha tatu, nyuma yao katikati, kilikuwa changu. Marubani waliangalia nje. Mimi niliangalia geji: joto la injini, nguvu ya mafuta ya breki na magurudumu, umeme wa kila jenereta, mafuta yaliyobaki katika kila tangi. Gari likiharibika unaliegesha pembeni. Ndege ikiharibika juu ya mawingu hakuna pembeni. Ni mimi niliyepaswa kusema kimeharibika nini, kizimwe kipi, kiachwe kipi, na tuna dakika ngapi. Kazi hiyo niliifanya miaka kumi na minane.

Aliyenifundisha alikuwa stafu sajini mmoja tuliyemwita mzee Haule, mtu mfupi, mkali, asiyecheka mpaka mwisho wa mwezi. Siku yangu ya kwanza hakunipandisha ndegeni. Alinizungusha chini yake, tangu puani mpaka mkiani, na kila tulipofika alisema neno moja: "Shika." Nikishika bawa, anasema shika tena. Nikimwambia nimeona liko sawa, ananijibu, "Macho yanadanganya. Yanaona kile yalichokiona jana. Mkono ndio unaojua ya leo." Alinionyesha vipande vifupi vya waya wa shaba vinavyofunga kila sehemu ya ndege na mwenzake, mlango na bodi, usukani na bawa. Nikamuuliza ni vya nini. Akasema ndege hupigwa na radi kama mti unavyopigwa, ila radi ikipata njia ya shaba isiyokatika, itapita juu ya bodi na kutokea upande wa pili, na wewe ndani utasikia kishindo tu. Kipande kimoja kikikatika, radi itatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa wewe.

Kitu cha pili alichonifundisha ni kitabu cha hitilafu. Ukiona kasoro, unaiandika kwenye kitabu, unaweka sahihi, na ndege hiyo hairuki mpaka fundi mwingine aitengeneze na aweke sahihi yake chini ya yako. Hata awe jenerali anawahi harusi ya bintiye, hairuki. Mzee Haule aliweka karatasi ya kaboni chini ya kila ukurasa. "Nakala ya juu ni ya ndege," alisema, "ya chini ni yako. Siku wakisema hukusema, utakuwa na la kuwaonyesha."

Wenzangu kikosini walinitania sana kwa asili yangu, maana watu husema kwetu radi hutumwa kichawi. "Msimuudhi Damiani, huyu ni mtu wa Sumbawanga, atatutumia radi." Nilicheka nao. Utani haumuumizi mtu aliye mbali na kwao.

Muda wangu ulipoisha nilirudi nyumbani na mke na watoto wanne, na kitabu changu cha jeshi kimejaa saa za kuruka na mihuri. Nikasikia kampuni moja ya mitambo ya mawasiliano inatafuta mafundi wa minara. Nikanyoosha shati, nikaenda. Aliyenihoji ni msimamizi wao wa eneo letu, Bwana Ezekia, kijana nadhifu aliyemzidi kila mtu kwa kalamu mfukoni. Alifungua kitabu changu, akakifunga, akakifungua tena.

"Afande," akasema, "hapa imeandikwa fundi wa safari. Safari za wapi?"

"Safari za ndege. Nilikuwa fundi wa angani."

"Uliendesha?"

"Hapana. Nilisimamia mitambo."

"Kwa hiyo ulikuwa kama abiria."

Jibu lililonijia halikuwa la mtu anayeomba kazi.

"Una cheti cha chuo cha mawasiliano?"

"Nina miaka kumi na minane ya umeme, redio na injini."

"Cheti?"

"Cha jeshi ninacho."

Akatabasamu kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniuma zaidi. "Afande, mafundi tutawatafuta kwa watu waliosoma teknolojia. Lakini tuna nafasi ya ulinzi, mnara wa ukingoni. Ninyi wanajeshi tunawaamini sana kwa ulinzi."

Nikaichukua. Mtu mwenye watoto wanne hachagui geti. Lakini ninyi mnaosoma hapa, hasa mliotoka jeshini, jueni kwamba niliporudi nyumbani siku ile nilikaa nyuma ya nyumba na sikutaka mke wangu aone uso wangu. Waliniita mwaminifu ili wasiniite mwenye akili.

Mnara wa ukingoni mnaujua. Uko mwisho wa uwanda wa Ufipa, pale ardhi inapokatika na kushuka kwenda bonde la Rukwa. Siku hewa ikiwa safi unaona ziwa linang'aa kama bati jipya, na upande wa chini ndiko kijiji cha Milepa, na simu zote za Milepa zilipita hapo. Upepo wake wa Juni unapenya makoti mawili. Nililinda zamu ya mchana. Kila asubuhi nilipofika, miguu yenyewe ilinizungusha mnara kama ilivyonizungusha ndege: shika, shika tena. Nikiona kitu nilikiandika kwenye kitabu cha matukio cha mlinzi, na chini yake niliweka kaboni niliyoinunua mwenyewe. Walinzi wa zamu nyingine walinicheka. Katika kitabu hicho wao waliandika "hali shwari" na saa.

Siku zangu za mapumziko nilikwenda mjini, dukani kwa Bi Zuhura. Familia yao ni ya wafanyabiashara wa siku nyingi, kaka zake wana malori na mabasi, yeye alirithi kwa baba yake duka la redio akaligeuza kuwa la sola, kompyuta na mitambo ya intaneti. Nilianza kwenda kununua betri, nikaishia kukaa kwenye stuli nyuma ya kaunta. Alikuwa na mita, vitabu, na mashine zilizokufa ambazo hakuogopa nizifungue. Ndiye aliyenichorea mnara wote kwenye gazeti kuukuu: jenereta, betri, kigeuza umeme, redio, antena.

"Umeme wake volti ngapi?" nikamuuliza.

"Arobaini na nane."

Nikacheka mpaka akashangaa. Ndege yetu ilikuwa ishirini na nane. Umeme wa moja kwa moja, betri za akiba, jenereta mbili zinazopokezana, swichi zinazojikata zenyewe ukizidi. Miaka kumi na minane nilikuwa nimekaa ndani ya mnara unaoruka, na mtu ameniambia mimi ni abiria.

Bi Zuhura akaniomba barua yangu ya maombi ya kazi. Akaisoma, akaiweka mezani, akaisukuma kwangu kwa kidole.

"Sajini, nani anaajiri ndege hapa Sumbawanga?"

"Hakuna."

"Basi mbona umemwandikia ndege? Umeandika jina la ndege, namba ya kikosi, cheo. Huyo Ezekia atajuaje? Niambie mikono yako ilifanya nini."

Tukakaa siku nzima. Nikisema "nilikagua ndege kabla ya kuruka", ananiuliza, ulikagua nini, kwa kifaa gani, ukikuta kasoro unafanyaje. Tukaandika: nimepima na kutengeneza mifumo ya umeme wa moja kwa moja na betri za akiba. Nimetafuta hitilafu za redio mitambo ikiwa inafanya kazi na bila nafasi ya kuizima. Nimefuata na kufundisha orodha za ukaguzi. Nimeandika taarifa za kasoro. Neno ndege likabaki mara moja, mwishoni. Niliposoma ile karatasi nilimwona mtu ambaye hata mimi ningemwajiri. Ninyi mnaotoka jeshini, fanyeni hivyo. Msiwabebeshe raia kazi ya kuwatafsiri, hawataifanya. Nilimpelekea Ezekia karatasi hiyo mara tatu katika miaka miwili. Mara ya tatu alisema, "Afande, mbona huridhiki?"

Mwanzoni mwa msimu mmoja wa mvua walikuja watu wa mkandarasi kufanya ukarabati. Walikuja siku yangu ya mapumziko. Kesho yake nilipozunguka mnara, mkono wangu ulikuta kitu macho yangu yasingekiona. Waya wa ethi, ule mnene wa shaba unaoteremka kutoka kilele cha mnara na kuingia ardhini ili kumwaga radi, ulikuwa mwembamba. Ulikuwa umepakwa rangi ileile ya zamani, lakini ulikuwa chuma. Nikauvuta. Ukatoka ardhini kama mzizi wa mchicha. Haukuwa umefungwa na chochote. Na ule wa kabati la mitambo haukuwepo kabisa.

Niliandika: "Waya wa ethi wa mnara umeondolewa na kuwekwa chuma kisichofika ardhini. Kabati halina ethi. Radi ikipiga, atakayeshika kabati atakufa." Nikapiga simu. Ezekia akasema, "Afande, wewe linda geti. Umeme una wenyewe." Baada ya wiki nikaandika tena. Baada ya wiki nyingine tena. Safari hiyo alikuja kukagua mahudhurio ya walinzi, akafungua kitabu, akaandika chini ya maneno yangu "Nimeona", akaweka sahihi. Hakusoma. Alikuwa akiongea na simu.

Fundi wa mnara wetu alikuwa Festo, mtu wa Mbeya, baba wa watoto watatu, mpole, mwenye tabia ya kuimba kwaya akiwa juu ya ngazi. Yeye ndiye pekee pale kazini aliyeniuliza kuhusu ndege na akangoja jibu. Nilimwonyesha ule waya. Alibadilika uso. Akampigia Ezekia mbele yangu, akaambiwa mkandarasi atarudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikapita, na iliyoifuata.

Kisha redio ya mnara inayopeleka simu Milepa ikazima. Siku nzima zahanati ya kule haikuweza kumwita mtu, na kulikuwa na mama mjamzito aliyekuwa akihitaji gari. Mchana wa siku ya pili Festo alifika na pikipiki. Mawingu yalikuwa juu ya ziwa, mbali, meusi. Pale mnarani jua lilikuwa linawaka.

"Usiingie," nikamwambia. "Ngoja lile wingu lipite."

Simu yake ikaita. Alikuwa Ezekia, na sauti yake niliisikia nilipokuwa nimesimama: "Ukingoja mvua ipite Ufipa, utangoja mpaka Mei!"

Festo akaiweka simu mfukoni. "Dakika kumi tu, Afande. Kuna mama kule chini."

Nikamfungulia geti.

Radi haikungoja wingu lifike. Ilipiga mara moja, na mwanga wake na kishindo vilikuja pamoja. Nilipoinuka, mlango wa kabati ulikuwa wazi na Festo alikuwa chini kando yake. Jeshini tulifundishwa kukandamiza kifua. Nilikandamiza, nikahesabu, nikapuliza, nikakandamiza, mvua ikatukuta, mpaka gari la kijiji lilipofika na dereva akanishika mikono na kuniambia, "Mzee, basi."

Ezekia alikuja na koti la mvua. Aliniuliza kama mitambo imeungua. Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza na mimi nililisikia kwa masikio haya. Taarifa aliyoiandika ilisema fundi amefariki kwa kupigwa na radi, tukio la asili lisiloweza kuzuilika. Na wanakijiji walipomzunguka wakimuuliza imekuwaje, akatikisa kichwa akasema, "Nanyi wenyeji si mnazijua wenyewe radi za huku?"

Sentensi hiyo moja. Mtu aliyesoma, mwenye kalamu nne mfukoni.

Jirani wa mnara alikuwa Bibi Anastazia, mjane wa miaka sabini na kitu, shamba lake la ulezi linapakana na uzio. Kampuni ilipojenga ilimzibia njia ya kwenda kisimani, naye aliwagombeza wazi, akasema mtaona. Mtu yeyote aliyezibiwa njia angesema hivyo. Lakini baada ya maneno ya Ezekia watu wakalikumbuka lile "mtaona". Siku ya tatu baada ya mazishi, saa nne asubuhi, vijana na watu wazima wenye akili zao walichoma paa la nyumba yake. Mtendaji wa kijiji alimwahi, akamficha ofisini kwake, akaitisha mkutano.

Nilimpigia Bi Zuhura. Alifika mwenyewe na gari dogo la kaka yake, mita ya kupimia ethi iko mapajani. Mkutano ulikuwa mbele ya ofisi ya kijiji, watu wamejaa mpaka barabarani. Ezekia alikuwa amekaa kiti cha wageni. Nikasimama nikiwa na kipande cha kile chuma cha mnarani mkononi.

"Afande," akasema Ezekia kwa sauti ya chini, "unavunja masharti ya kazi."

"Niandikie barua," nikamjibu, nikageukia watu.

Niliongea Kifipa, kwa sababu uongo ule waliletewa kwa Kiswahili. Niliwaambia radi ni kama maji ya mlimani: ukiyachimbia mfereji yatapita, ukiuziba mfereji yatapita ndani ya nyumba yako. Nikawaonyesha shaba ilivyo na chuma kilivyo. Kisha tukaenda wote mpaka mnarani, Bi Zuhura akachomeka vipimo ardhini, akamwita mwenyekiti wa kijiji asome mwenyewe. Kipimo kilipaswa kuwa chini ya kumi. Mshale ulikwenda mpaka mwisho na ukabaki huko.

Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo unasema radi haitumwi?"

"Mzee wangu, shikamoo. Sikuja kubishana nanyi radi inatoka wapi. Nimekuja kuwaonyesha ilikopaswa kupita, na nani aliiziba."

Ndipo Bibi Anastazia, aliyekuwa amesimama nyuma ya mtendaji amejifunika khanga, akasema, "Mimi niliwaona."

Watu wakageuka.

"Niliwaona wale wa gari jeupe. Walikata ile nyekundu, wakaikunja kama kamba ya ng'ombe, wakaitupa garini. Nikawauliza, wanangu, mnaipeleka wapi? Wakaniambia, nenda zako bibi, haya ni ya teknolojia."

"Mbona hukusema?" mwenyekiti akauliza.

"Nimwambie nani? Ninyi mlikuja na viberiti. Kuna aliyekuja na swali?"

Nami nilisimama pale nimeshika chuma, aibu imenipata na mimi, kwa sababu nililinda lile geti karibu na shamba lake miaka miwili, nikimsalimia kila asubuhi, na sikuwahi kumuuliza kitu. Nilijua uchungu wa kudharauliwa, na bado sikudhani yule bibi angekuwa na la kunifundisha kuhusu mnara.

Kesho yake Ezekia alichukua kitabu cha matukio. Kiliporudi kurasa tatu hazikuwepo. Mkaguzi wa kazi alipokuja kutoka mjini, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, nilimpa nakala zangu za kaboni, na ile ya tatu ilikuwa na "Nimeona" na sahihi, imepenya vizuri kabisa.

Alizisoma polepole. "Wewe ni mlinzi. Umejuaje haya?"

Nikakitoa kitabu cha jeshi na ile karatasi ya Bi Zuhura. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la cheti. Akasoma, akavua miwani.

"Kabla ya ndege kuruka, ulikuwa unakagua nini?"

Mkubwa yule sijui alikokwenda, lakini alikuwa mtu wa kwanza mwenye madaraka kuniuliza hivyo tangu nivue magwanda. Niliongea karibu saa nzima, na hakunikatisha.

Kampuni ilionekana na hatia. Minara yote ya uwanda ilichimbiwa ethi upya, shaba kwa shaba. Mkandarasi alifukuzwa, akarudi kwa jina lingine sehemu nyingine, nasikia. Ezekia hakufukuzwa, alihamishwa. Mimi nilipewa ufundi. Msije mkadhani walinielewa. Waliniogopa, basi. Mtu mwenye nakala ni afadhali awe ndani kuliko nje. Bibi Anastazia mwanawe alimhamishia mjini, na hakurudi tena kuishi pale. Waliochoma paa walimfuata na kuku kuomba radhi. Nilipomtembelea aliniambia, "Kuku nimemla, Damiani. Msamaha bado nautafuta moyoni, sijauona ulipo."

Baada ya arobaini nilikwenda Mbeya kumwona Neema, mke wa Festo. Nilidhani nakwenda kama mtu aliyemtetea mumewe. Alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho: waya, kitabu, nakala, mkaguzi. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote:

"Kaka, ulijua kabati litaua?"

"Nilijua."

"Na funguo za geti alikuwa nazo nani?"

Sikuinua macho.

"Nilikuwa nazo mimi," nikasema.

Alinijazia chai.

Hilo ndilo ninalotaka mlisome mara mbili. Jeshini, ukiandika kasoro, ndege hairuki. Uzoefu huo nilikuja nao uraiani mzimamzima, nikaamini kwamba huku pia maandishi yanasimamisha mashine. Niliandika mara tatu kwa mwandiko mzuri, na nikafungua geti. Umeme niliutafsiri, betri nikazitafsiri, redio nikazitafsiri, lakini mamlaka ya ile sahihi yangu sikuyatafsiri. Huku hakuna aliyenipa, na mimi sikuyachukua. Ezekia namkasirikia mpaka leo. Mwenyewe najikasirikia zaidi, na kwa hilo hakuna mkaguzi.

Tangu hapo, mlionifanyia kazi mnajua nilivyokuwa. Hakuna aliyegusa kabati kabla ya kupima ethi na kuweka sahihi mbili. Wingu likionekana, geti lilifungwa, na funguo zilikaa mfukoni mwangu. Mliniita Mzee Mawingu, mkidhani sisikii.

Mwaka wa mwisho alikuja mkurugenzi kutoka makao makuu na wageni wanne, kuwaonyesha mtambo mpya pale ukingoni. Upande wa ziwa kulikuwa na wingu. Si kubwa. Nikafunga geti.

"Fungua, mzee," akasema. "Wageni wana ndege ya kuwahi."

"Lipite kwanza."

"Liko mbali sana lile!"

"Naliona, mkubwa."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Kaeni garini, kuna baridi."

Alinipigia kelele mbele ya wageni wake na mbele ya baadhi yenu. Alisema mambo ya umri, ya ujuba wa kijeshi, ya watu wasiosoma wanaokwamisha maendeleo. Nilisimama nimeegemea geti. Wingu lilitambaa juu ya bonde taratibu, likamwaga matone machache vumbini, likapita kwenda zake. Halikunguruma hata mara moja. Mmoja wa wageni akacheka, na wengine wakamfuata.

Nilitoa mita, nikapima, nikaweka sahihi, nikampa kijitabu mkurugenzi aweke yake. Kisha nikafungua geti.

"Umeona sasa?" akaniambia. "Hakuna kilichotokea."

"Ndiyo, mkubwa," nikasema. "Karibuni ndani."